Fomu yetu haikuuliza habari za kamari: kisa cha mbadilisha pesa wa mpakani

Kisa hiki kinatoka katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda, ambako nafanya kazi ya ushauri nasaha kwenye kliniki ndogo. Mwenyewe ameridhia kiandikwe, na nilimsomea rasimu yote kabla ya kuitoa. Nimebadilisha umri, idadi ya watoto na viwango vya pesa ili asitambulike. Mfuatano wa mambo sikuugusa. Nitamwita K.

Naandika kwa sababu tulikosea, na najua kliniki nyingine zinakosea vivyo hivyo. Tulimtibu mtu pombe kwa wiki sita, tukapongezana, kumbe wiki hizohizo alikuwa anazama zaidi upande mwingine.

Mtu na kazi yake

K. ana miaka thelathini na kitu, ana mke mmoja na watoto watatu. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwake na ndiyo lugha ya kazi, maana mpakani pale dereva wa lori aliyetoka Mombasa, mama wa mahindi aliyetoka Tororo na askari wa doria wote hukutana kwenye Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kubadilisha pesa. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, mkoba kifuani, shilingi za Kenya mkono huu, za Uganda mkono ule. Mtaji ulikuwa wa watu wawili: nusu wake, nusu wa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye ghala la mahindi.

Kazi ile inataka mikono. Mbadilisha pesa hodari huhesabu bunda la noti kwa kidole gumba huku anaongea na mtu mwingine, na mteja humwamini kwa mwendo wa kile kidole. K. alianza na waragi ya jioni, ile pombe kali ya Uganda, ya pakiti. Pakiti zilipopigwa marufuku mwaka 2019 akahamia kwenye chupa za mililita 200. Kufikia mwaka wa kisa hiki mikono ilikuwa inamtetemeka kila asubuhi mpaka noti zinashikana. Akawa anazimua: nusu chupa kabla ya saa moja, vidole vinatulia, kazi inaanza. Wenzake walijua. Hakuna aliyeona ugonjwa pale. Walisema huyu anajua kipimo chake.

Kubeti alianza tangu ujana, mkeka, yaani tiketi moja yenye mechi kadhaa, wa shilingi 2,000 siku za Jumamosi kwa mechi za ligi ya Uingereza. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016, iliyoweka umri wa chini kuwa miaka 25, ilimkuta tayari ni mzoefu. Kilichobadilisha mambo ni simu. Kwenye simu kuna mechi za kompyuta zinazoanza na kuisha kila dakika chache, usiku kucha, na kuna mchezo wa kindege kinachopaa huku ushindi ukipanda, ukichelewa kutoa pesa yako kinatoweka nayo. Ili akeshe, K. alitafuna mairungi, ile wenzetu wa ng'ambo wanayoiita miraa. Ili apate usingizi baadaye, alikunywa waragi. Vilikuwa vitu vitatu, kila kimoja na zamu yake.

Jumatatu alipoanguka

Ijumaa moja usiku K. alipoteza pesa zote zilizokuwa kwenye laini yake ya simu. Jumamosi akachukua noti zilizobaki mkobani akaenda duka la kubeti kuzikomboa zile za jana. Jua linatua, mkoba mtupu. Aliwaambia watu wa nyumbani kwamba ameibiwa karibu na stendi. Shemeji akaenda polisi kuandikisha maelezo. Mke akamtandikia alale, maana alionekana kama mtu aliyepigwa na bumbuwazi.

Sasa hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. K. hakuwa na shilingi ya kununua waragi, na aibu ilimzuia kukopa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka alikatishwa pombe ghafla, na aliyemkatisha hakuwa daktari wala si uamuzi wake mwenyewe. Ilikuwa kamari. Jumapili alitoka jasho, akatapika, akatetemeka. Jumatatu alfajiri, kama saa 36 tangu tone la mwisho, alianguka sakafuni, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Jirani mmoja alisema ni mshtuko wa wizi. Mwingine alisema amerogwa na washindani wake wa barabarani.

Kwenye kituo cha afya tabibu wa zamu alipima malaria na sukari, akakuta hamna kitu, kisha akamuuliza mke swali lililookoa maisha: "Mama, huyu mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini?" Kifafa cha kukatishwa pombe hutokea zaidi kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Kati ya siku ya pili na ya nne huweza kufuata kuweweseka, mtu akaona wadudu ukutani na asitambue watu wake, na hali hiyo isipotibiwa huua. K. alipewa diazepamu, dawa ya kutuliza, na sindano za thiamini, yaani vitamini B1, akalazwa siku nne, kisha akaandikiwa barua ya kuja kwetu.

Wiki sita za furaha

Tulimpima kwa dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10, jumla ya alama 40. Alipata 27. Kuanzia 20 mtu hushukiwa kuwa tayari ni mtumwa wa pombe. Tukaamua: pombe kwanza, mengine baadaye. Sababu ilikuwa wazi, pombe ndiyo iliyokuwa karibu kumuua, na uamuzi huo siujutii. Ninachojutia ni kwamba hatukuuliza hayo mengine ni yapi. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya sigara, bangi, mairungi, hata petroli ya kunusa. Ya kamari haikuwepo. Kwenye historia yake niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, "aliibiwa mtaji," nikaendelea na ukurasa wa pili.

Kila Alhamisi alikuja, shati limepigwa pasi, mikono imetulia kama maji mtungini. Mkewe alisema ameanza kula. Wiki ya nne shemeji alimpa mtaji mpya, mdogo kuliko wa kwanza, arudi barabarani. Alituuliza kwanza. Tukamwambia vizuri, mtu aliyepona apewe kazi. Hayo ni maneno yangu.

Kumbe bila waragi jioni zake zilikuwa zimebaki tupu, kuanzia magharibi hadi usingizi usiokuja. Akili yake sasa ilikuwa nyepesi, haina ulevi, na aliniambia baadaye kwamba hilo lilimdanganya: alidhani zamani alikuwa anapoteza kwa sababu ya kulewa, na sasa akiwa mzima atachagua mechi vizuri. Katika wiki zile sita alibeti kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Swali la imamu

Aliyetufumbua macho hakuwa mtaalamu. K. alikwenda kwa imamu wa msikiti wa mtaani kwake kuomba dua ya toba kwa sababu ya pombe. Mzee yule akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na kamari je, mwanangu?" Hakuwa ameambiwa kitu na mtu. Aliuliza kwa sababu aya ya 90 ya Surat al-Maida inataja ulevi na kamari pamoja, kwa pumzi moja, na yeye amezoea kwamba ukiona kimoja ulizia cha pili. K. alilia pale msikitini. Imamu hakumwambia mtu yeyote. Alimtuma kwetu.

Alikuja Jumanne, siku isiyo yake, akakaa kwenye benchi la nje mpaka mchana. Alipoingia akasema, "Dada, mimi sikuibiwa."

Nikamuuliza maswali mawili ambayo wataalamu wa kamari hutumia kama kipimo kifupi. Je, umewahi kuhisi lazima uongeze dau, ucheze kwa pesa nyingi zaidi na zaidi? Je, umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako kuhusu kiasi unachocheza? Ukijibu ndiyo kwa moja tu, kuna haja ya kuchunguza zaidi. Alijibu ndiyo kwa yote mawili kabla sijamaliza la pili. Nikamuuliza pia, wazi na bila kuzunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Akasema ndiyo, mara mbili, na mara ya mwisho ni usiku uliopita. Siku hiyo hakurudi nyumbani peke yake.

Wiki iliyofuata tulifungua simu yake tukasoma pamoja ujumbe wa miamala. Nilimwomba asome mwenyewe kwa sauti. Usiku mmoja tu, kati ya saa tatu na saa tisa: 5,000. 10,000. 10,000. 50,000. Pale katikati kuna 80,000 iliyoingia, ushindi, na dakika mbili baadaye 80,000 ileile imetoka. Alipofika muamala wa ishirini na kitu sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Jumla ilikuwa miamala 43. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na naamini dakika kumi zile zilifanya zaidi ya wiki zangu sita za mawaidha.

Tulivyoamua upya

Tuliamua kutibu vyote kwa pamoja, ndani ya kikao kimoja, na mtu mmoja. Hatukutaka pombe iwe na siku yake na kamari siku yake. Tulichora naye mzunguko wa siku kama yeye anavyouishi: mairungi ili akeshe, beti, hasara, waragi ili alale, mtetemeko, kuzimua, pesa mkononi, beti. Tukauliza ni wapi unaweza kukatika. Yeye mwenyewe aliweka kidole kwenye "pesa mkononi". Alisema kushika bunda la noti kunamfanya kifua kipande, kama vile harufu ya waragi inavyofanya.

Hapo ukaja uamuzi mgumu kuliko yote. Mlevi unaweza kumwambia apite njia nyingine asione baa. Mbadilisha pesa utamwambia nini? Tulimshauri aache kazi hiyo, walau kwa mwaka. Ilikuwa kazi ya baba yake kabla yake, na siku aliyoirudisha mikoba alikaa kimya kikao kizima. Shemeji akamchukua ghalani, kwenye mizani. Anapima magunia, anaandika kilo, pesa haigusi. Kabla hajaanza, tuliomba dawa zote za kuhifadhi nafaka ziwekwe chini ya ufunguo wa shemeji, kwa sababu ya yale aliyoniambia Jumanne ile.

Kuhusu mshahara, wazo la kwanza lilikuwa akabidhiwe mke pamoja na laini ya simu. Nikamwita mke peke yake kumuuliza kama ana hofu ya kupigwa. Akanijibu, "Siogopi kupigwa, dada. Naogopa kugeuka askari wa mume wangu." Alikuwa ameona mbali kuliko sisi. Tukabadilisha: mshahara unaingia kwenye kikundi cha akiba cha akina mama, kwenye sanduku lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, halifunguliwi ila siku ya mkutano. K. anapewa nauli na chakula cha siku. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, wala mke hana mtu wa kumnyima.

Madeni tulibishana. Mimi nilishikilia kwamba ndugu wasimlipie. Kutegemea wengine wakutoe kwenye shimo ni mojawapo ya dalili tisa za ugonjwa wa kamari, na mara nyingi mtu akilipiwa huhisi amepewa mtaji mpya. Shemeji alisikiliza, kisha akaenda kulipa deni moja, la mkopeshaji wa riba ya kila wiki aliyekuwa ameshika kitambulisho cha K. na kutuma vijana nyumbani. Nikiangalia nyuma, alikuwa sahihi. Kanuni yangu ilikuwa nzuri, lakini watoto walikuwa hawalali.

Tulikwenda pia, mimi na yeye, kwenye duka alilozoea, tukaomba wasimuuzie. Binti wa kaunta alikubali kwa heshima, akasema lakini kwenye simu yeye hana uwezo. Ipo dawa iitwayo naltreksoni ambayo imetumika kupunguza hamu ya pombe na ya kamari pia. Sisi hatukuwa nayo.

Matokeo hadi sasa

Ni miezi tisa. Kamari imemrudia mara mbili, pombe mara moja.

Mara ya kwanza alibeti nauli yake ya siku akashinda 140,000. Ushindi ndio uliomwangusha. Saa mbili baadaye alikuwa na chupa mkononi, akanywa siku tatu. Safari hii tabibu alikuwa na habari mapema, akapunguziwa kwa dawa, kifafa hakikutokea. Mara ya pili alipoteza 20,000, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwetu kabla hatujafungua. Hakuwa amekunywa.

Mairungi amepunguza, hajaacha, na kusema kweli hatukuipa uzito unaostahili. Kathinoni iliyomo ni kichangamshi cha jamii ya amfetamini; mtu anayekesha nayo anahitaji kitu cha kumshusha, na kwa K. hicho kitu kina jina moja. Usingizi wake bado mbaya. Mke bado analala na simu ya mumewe chini ya mto, ijapokuwa hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Uchambuzi

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kamari ni tabia na pombe ni ugonjwa. Hata wataalamu wa dunia walichelewa hapo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliiweka kamari pamoja na uchomaji ovyo wa moto na wizi usiozuilika mpaka toleo la mwaka 2013, ndipo ikahamishiwa kwenye sura moja na pombe na dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 nayo imeviweka jirani.

Sababu ya kuviweka pamoja ni kwamba vinakutana kwenye mwili uleule. Katika uchunguzi wa Marekani wa watu zaidi ya 43,000 uliochapishwa mwaka 2005, kati ya wale waliowahi kuwa wagonjwa wa kamari, asilimia 73.2 walikuwa wamewahi kuwa na matatizo ya pombe na asilimia 38.1 ya dawa nyingine. Namba hizo ni za kwao, si za mpakani kwetu, lakini anayeketi kwenye benchi la kliniki yangu hazimshangazi. Tafiti za mapacha wa kiume wa hukohuko zimeonyesha kwamba sehemu ya urithi unaomweka mtu karibu na utumwa wa pombe ndiyo ileile inayomweka karibu na kamari. Baba yake K. alikufa kwa ini. Hilo nalo lilikuwa kwenye faili.

Ubongo una njia yake ya kutuza, inayotumia dopamini, na inaitika zaidi kwa kitu kisichotabirika kuliko kwa kitu cha uhakika. Mkeka uliokosa mechi moja tu kati ya kumi ni hasara kamili, ila ubongo huupokea kama nusu ya ushindi, na mkono unarudi kwenye simu. Pombe kwa upande wake inalegeza breki. K. alikunywa kabla ya dau kubwa ili apate ujasiri na alikunywa baada ya hasara ili asahau. Ukimwondolea moja bila kugusa nyingine, zile saa, ile hamu na ule upweke vinahamia upande uliobaki. Na upande wa kamari haunuki mdomoni, hauyumbishi miguu, kwa hiyo nyumba nzima inadhani amepona.

Kosa la pili, na hili linaniuma zaidi, ni kuupokea wizi bila kuuliza. Mbadilisha pesa aliyepoteza mtaji wote kwa siku moja, mlevi, anayekesha na mairungi. Ningekuwa nimeuliza pesa ilikwenda wapi kwa udadisi uleule niliouliza chupa ngapi, tungepata wiki sita. Badala yake tulibariki mtaji wa pili, na ule nao ulikwenda.

Kilichofanya kazi nakiona ni vitu vitatu visivyo na uzito sawa. Ukweli kusemwa mbele ya familia ulikuwa na nguvu kuliko vyote, na usingewezekana bila imamu kutunza siri mpaka K. mwenyewe awe tayari. Kuondoa noti mikononi ulikuwa wa pili. Ushauri wetu wa kila wiki naamini ulisaidia, lakini bila hivyo viwili ungekuwa maneno.

Bado hatukubaliani ndani ya kliniki kuhusu kazi yake. Mwenzangu mmoja anaona tumemfukuza mtu kwenye ujuzi wake na kwamba siku moja lazima ajifunze kushika pesa. Mimi naogopa ile 140,000. Maswali mawili ya kamari sasa yapo kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu, juu ya yale ya pombe, na katika mwezi wa kwanza watu wanne walijibu ndiyo, mmoja wao mama muuza samaki aliyekuja kwa ajili ya usingizi tu.

Wiki iliyopita K. alimwomba shemeji amruhusu arudi barabarani, hata kwa siku mbili kwa wiki. Shemeji amekuja kutuuliza, kama alivyofanya mara ya kwanza. Safari hii nilimwambia sina jibu la leo, tukae wote, na K. awepo. Tumepanga kikao baada ya mavuno, mizani ikipungua kazi.